Mchele Butini, Theluji Mlimani

Ugomvi wa theluji nyumbani kwetu ni mkubwa kuliko mimi. Ulianza kabla sijazaliwa, Bibi Mdogo aliporudi kutoka London alikokwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Alikaa huko majira ya baridi yote, akarudi Maskati na koti zito asilolihitaji na sentensi moja ambayo ameitumia mpaka leo: "Theluji huwezi kumweleza mtu ambaye hajaishika."

Mtu ambaye hajaishika ni Bibi, mama yake baba yangu, ambaye ni dada mkubwa wa Bibi Mdogo. Mara zote huwa amekaa pale pale kwenye kochi la nyumbani kwetu Darsait akichambua mchele. Tukiwasha kiyoyozi na Bibi akaomba shali, mdogo wake humwambia, "Hii baridi, Dada? Haya, theluji huwezi kumweleza mtu ambaye hajaishika." Tukifungua friza kutoa samaki, tunasimuliwa London. Hata pamba ikichomoza kwenye mto, London. Bibi anaendelea kuchambua. Anasukuma mdomo upande mmoja tu, kama mtu anayeweka akiba ya maneno.

Msimu mmoja wa baridi video zikaanza kuzunguka kwenye simu. Mlima wa Jabal Shams umekuwa mweupe, na wanaume wazima waliovaa kanzu wanarushiana mabonge ya theluji na kupiga kelele kama watoto wa chekechea. Bibi aliichukua simu yangu, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Wapi hapo?"

"Jabal Shams, Bibi."

"Oman hii?"

"Hii hii. Tunakwenda na kurudi siku moja."

Akanirudishia simu. "Basi utanipeleka. Na yeye lazima awepo. Nikenda peke yangu atasema nimeota."

Theluji ile iliyeyuka kabla jamaa hawajamaliza kutumiana video zake, kwa hiyo tukaahidiana kwamba baridi nyingine ikishuka, tunaondoka. Bibi akarudi kwenye mchele wake. Mimi nikaingia kwenye mateso.

Afadhali nijieleze mapema. Mimi ni msichana anayefanya mazoezi ya kumsalimia daktari wa meno kabla ya kuingia kwake. Nikialikwa chakula, hujifunza mbele ya kioo namna ya kukataa sahani ya pili bila kumvunja mtu moyo, na bado hukubali. Nikikosea jambo mbele ya watu, nalirudia kichwani kwa miaka, tena polepole ili nisipitwe na kitu. Mwalimu wa udereva alinifundisha kupita mtihani. Kuendesha nimejifundisha mwenyewe, kwa video, kama nilivyojifundisha kushona, kupiga chapati na kupumua kwa hesabu ninapoingiwa na hofu.

Na gari yenyewe si gari ya siku hizi. Ndugu zangu wote wana magari marefu ya kupandia majabali, lakini magoti ya Bibi hayapandi gari refu. Mara ya mwisho walipojaribu kumpandisha, mmoja alimvuta na mwingine akamsukuma, naye akaapa kwamba hatafanywa gunia tena. Gari anayoikubali ni ile aliyoiacha Babu alipofariki: saluni ya zamani yenye rangi ya chai ya maziwa, imekaa chini, kiti cha nyuma kama sofa. Ina gia za kuingiza kwa mkono, na matairi yanayosukuma ni ya nyuma. Baba anaijua vizuri, lakini Baba alikuwa safari ya kazi. Aliyebaki anayeijua kidogo ni mimi.

Nikazama kwenye video za watu wa nchi za barafu. Wote walikubaliana kwamba kwa gari kama yangu, theluji ni adui. Injini iko mbele, nyuma hakuna kitu, kwa hiyo matairi yanayosukuma hayana kinachoyakandamiza chini. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, mkia unakwenda zake. Wakafundisha: ondoka kwa gia ya pili, siyo ya kwanza. Klachi uiachie taratibu kama unayetoka chumbani kwa mtoto aliyelala. Breki uisahau. Mkia ukikimbilia kulia, usukani nao uupeleke kulia. Na macho yatazame unakotaka kwenda, yasitazame unakoogopa kwenda. Hilo la mwisho lilinitia simanzi, maana maisha yangu yote nimetazama ninakoogopa kwenda.

Nilianza mazoezi kitandani. Nilipanga kandambili tatu sakafuni ziwe klachi, breki na mafuta, nikachomeka mwiko ndani ya gilasi ukawa gia. Mama alisimama mlangoni kwa muda kabla sijamwona.

"Unafanya nini?"

"Napanda Jabal Shams."

"Ukifika juu, mwiko wangu urudi jikoni."

Kandambili hazitelezi, kwa hiyo nikahitaji mahali panapoteleza. Shangazi yangu anakaa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba yenye uwanja mpana wa vigae. Nilikwenda asubuhi moja nikijua anapenda kulala, nikamwaga ndoo za maji na sabuni ya unga mpaka uwanja mzima ukatoa povu, nikaingia kwenye gari, nikatia gia ya pili. Gari ilikwenda vizuri. Kisha ikaendelea kwenda vizuri nilipotaka isimame. Ilizunguka taratibu, heshima zote, ikapita chini ya kamba ya nguo, na shuka la Shangazi likashuka likafunika kioo chote cha mbele. Nilikaa gizani nikipumua kwa hesabu.

Nilipolitoa shuka, Shangazi alikuwa amesimama kizingitini na kikombe cha chai.

"Unaosha gari au unaosha uwanja?"

"Nafanya mazoezi ya theluji, Shangazi."

Akautazama uwanja, akanitazama mimi, akalitazama shuka. "Na shuka langu nalo linakwenda?"

"Samahani, Shangazi."

"Ukimaliza hapa, zunguka na upande wa nyuma. Hapajasuguliwa tangu Ramadhani."

Nikazunguka na upande wa nyuma. Nilipoondoka nilikuwa nimeshajua kuukamata mkia ukikimbia, ikiwa hakuna mtu, hakuna kitu, na hakuna mteremko.

Likabaki suala la uzito. Watu wa barafu hutia mifuko ya mchanga butini, nyuma ya gari, ili matairi ya nyuma yashike. Nikajaza viroba vya mchanga, nikavipanga juu ya matairi, kulia sawa na kushoto, nikisogeza vidole viwili huku, kimoja kule. Bibi alishuka kukagua.

"Nini hii?"

"Mchanga, Bibi. Wa kukandamiza matairi."

"Nipite kwa watu na buti la mchanga?"

"Hatupiti kwa watu. Tunakwenda mlimani."

Alinitazama kwa huruma. Njia ya kwenda mlimani inapita Nizwa, ikapita Al-Hamra, na huko kote kuna jamaa za Babu. "Wakisikia nimepita nisibishe hodi, watasema mjane wa ndugu yao kaota mapembe. Kwani mchele hauna uzito? Sukari haina uzito?"

Nikafikiri. Kilo ni kilo. Tairi halijui kama linakandamizwa na mchanga au na mchele. Tulikwenda sokoni Matrah tukarudi na viroba vya mchele, sukari, unga na chumvi, na madebe ya samli, nami nikavipima kwenye mzani wa bafuni mmoja baada ya mwingine na kuvipanga kwa uangalifu ule ule. Nilijisikia hodari sana. Nilikuwa nimepima kila kitu butini, ila sikumpima Bibi.

Baridi iliposhuka tena na video nyeupe zikaanza, tuliondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Bibi alikaa nyuma upande wa kulia, na chupa yake ya chai mapajani. Bibi Mdogo alikaa mbele pembeni yangu, kwa sababu, alisema, yeye ndiye anayeijua theluji na itabidi anielekeze. Alikuwa amevaa lile koti la London, vifungo vyote. Tulipopita Ruwi, mtaa wa jirani tu, alikuwa anatoka jasho.

"Vua, Bibi Mdogo, bado mbali."

"Baridi inamkamata asiyejiandaa."

"Mwache," alisema Bibi kutoka nyuma. "Anajipika mwenyewe."

Nizwa tulisimama kwa mpwa wake Babu. Niliomba tusikawie, kwa kuwa jua likishika mlima theluji inakwisha, na Bibi akakubali kabisa. Tukaketi. Kahawa ikaja, na tende, na haluwa. Kwetu kikombe cha kahawa hakiachi kujazwa mpaka mwenyewe ukitikise kuonyesha umetosheka. Bibi alitikisa. Mimi nilitikisa kabla hata sijanywa. Bibi Mdogo, ndani ya koti lake, hakutikisa kabisa. Alipokea na kupokea, akasimulia London, akapokea.

Tulipoinuka hatimaye, Bibi akaniambia, "Mama, kalete kiroba cha mchele."

Nikamwinamia sikioni. "Bibi, kile ni cha tairi la kulia."

"Tairi lina watoto?"

Nikaleta kiroba cha tairi la kulia. Halafu, kwa sababu sasa gari ilikuwa imelalia kushoto na mimi nisingeweza kuishi hivyo, nikaleta na cha tairi la kushoto. Bibi alinisifu mbele ya watu kwamba nina mkono mwepesi wa kutoa.

Al-Hamra kulikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilichukua sukari na debe la samli. Ya pili ilikuwa ya bibi mmoja ambaye si jamaa, ila zamani aliwahi kumletea Babu dawa ya kifua, akachukua unga wote. Kisha kwenye njia panda nilimuuliza mtu mmoja njia ya mlimani, akanyoosha kidole, ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nayo, na kwa kidole kile akapata chumvi na debe la mwisho la samli.

Haikuwa kwamba tulitoka mikono mitupu. Hakuna nyumba inayokubali mgeni aondoke hivi hivi. Lakini sijui kwa nini, siku ile kila tulichopewa kilikuwa chepesi: matawi ya zaatari kavu, ubani kwenye kikaratasi, rihani, kikapu kizuri cha ukindu kisicho na kitu ndani. Nilipofungua buti kabla ya kuanza kupanda, lilinukia kama chumba cha bibi harusi na lilikuwa jepesi kama bahasha.

Nilisimama nikilitazama. Nilitaka kuokota mawe, lakini Bibi alishagonga kioo. "Jua, mama. Si weye uliyesema jua?"

Tukapanda. Kona baada ya kona, gia ya pili, ya tatu, ya pili. Barabara ilikuwa kavu, na kwa muda nilianza kuamini kwamba itakuwa kavu mpaka juu. Magari marefu yalitupita, vijana wakichungulia ile saluni yetu yenye vikongwe wawili na mmoja kavaa koti la mjini Ulaya. Kisha tukageuka kona moja na tukaiona. Juu, uwanda wote mweupe, na watu wadogo wadogo wakitembea juu yake. Baina yetu na wao kulikuwa na mpando mmoja tu, ubavuni mwa jabali, kivulini, nao ulikuwa unang'aa. Upande wetu wa kulia, chini ya jabali, theluji ilikuwa imerundikana kama tuta. Kushoto kulikuwa na ukuta mnene wa mawe wa kuzuia magari.

Nilisimamisha gari pakavu.

"Mbona tumesimama?" Bibi aliuliza.

Nikaeleza. Nilieleza kwa kirefu, matairi, uzito, mkia. Nilimaliza kwa kusema kwamba buti sasa ni tupu, na kwa hiyo, kwa heshima zote, namuomba Bibi Mdogo ahamie kiti cha nyuma.

"Mie nihamie kwa sababu gani?"

"Uzito, Bibi Mdogo."

Bibi Mdogo alilikaza koti lake la London.

"Mzito ni Dada," alisema.

"Mie nipo nyuma tangu Darsait," alisema Bibi. "Nishatoa mchango wangu."

"London huko wanamwaga chumvi barabarani. Chumvi iko wapi?"

"Kapewa yule bwana wa njia panda. Njoo ukae, mwanamke, theluji inayeyuka."

Bibi Mdogo alihamia nyuma, akakaa nyuma yangu upande wa kushoto, uliko usukani, na kufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mkia wa gari ulishuka kidogo. Nilihisi matumaini.

Gia ya pili. Klachi taratibu, mtoto amelala. Macho juu, kule kweupe. Gari ikapanda, na nusu ya mpando ilikwenda kama kwenye video, mpaka nikafanya kosa la kufikiri kwamba naweza. Matairi ya nyuma yakaanza kuimba. Mkia ukaelekea kulia, nami nikaupeleka usukani kulia kama nilivyosoma, na gari ikasimama, ikafikiri, ikaanza kurudi chini. Tuliteremka kinyumenyume na kiubavubavu, kwa utulivu mkubwa, kama sinia linaloteleza kwenye meza iliyopakwa mafuta. Nilikuwa bado natazama juu nilikotaka kwenda. Nilikuwa naona jinsi kunavyozidi kuwa mbali.

Bibi Mdogo alianza kupiga shahada. Bibi alisema, "Polepole tu, mama, hatuna haraka."

Kisha kitu laini kikatupokea, gari ikajiegemeza, injini ikazima kwa sababu nilisahau klachi.

Niliweka paji la uso kwenye usukani. Nilianza kuomba radhi, na nilikuwa na mengi ya kuomba radhi: gari ya Babu, roho za watu wawili wazima, ule mpando, Baba, hata ule uwanja wa Shangazi. Nilikuwa katikati niliposikia mkono wa dirisha unazungushwa nyuma. Lile dirisha huwa gumu. Lilishuka kidogo kidogo, likilia. Nikageuka.

Tulikuwa tumelala kwenye tuta lile la theluji, ubavu wa kulia wote, na tuta lilikuwa limefika sawasawa na dirisha la Bibi. Hakuhitaji kushuka. Hakuhitaji kuinua goti. Alikunja mkono wa buibui lake, akanyoosha kiganja na kukizamisha.

Akakaa hivyo.

"Mbona inalia?" aliuliza. Akaifinya tena. Ililia tena, kama unga wa muhogo unapofinywa mfukoni. Akachota kidogo, akasema bismillahi, akatia mdomoni.

"Hailiwi, Dada."

"Ya London hukuila?"

"Nilionja."

"Basi." Alitafuna kwa makini. "Haina ladha. Miaka yote hii unanisumbua na kitu kisicho na ladha."

"Ya London laini zaidi."

"Ya London baki nayo. Hebu lete mkono."

Bibi Mdogo alivua glovu, kidole kimoja baada ya kingine, akanyoosha kiganja, na Bibi akamwekea bonge. Walikiinamia kile kiganja, vichwa vimegusana, wakiangalia maji yanavyoanza kupita baina ya vidole. Sikuwahi kuwaona wamekaa karibu hivyo bila mmoja kumnyooshea mwenzake kidole.

"Bibi," nilisema, "nisamehe. Gari iliteleza. Sikuweza kuishika, na ingekuwa—"

"Iliteleza wapi? Umeniegesha."

"Hapana, Bibi, kwa kweli ni—"

Lakini alikuwa ameshampigia simu Shangazi, kwa mkono mkavu. "Nipo nayo hapa," alimwambia. "Naishika. Mtoto kanileta mpaka ubavuni mwake, kaegesha dirisha na theluji, sawa kwa sawa. Sikuinua hata mguu. Ndugu zake na magari yao marefu wangeniteremsha mbali nitembee."

Nilifungua mdomo nisahihishe. Mimi ni mtu wa kusahihisha sifa zangu. Nikiambiwa chapati zangu nzuri, naonyesha iliyoungua. Nilikuwa na maneno yote tayari, tena kwa mpangilio. Bibi alinitazama kupitia kioo cha juu, simu sikioni, theluji imemganda kidevuni, mwenye furaha kama sijui nini. Nikaufunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mpando.

Gari refu lilisimama mbele yetu, vijana wawili waliojifunga mashali wakashuka na kamba. Mmoja alisogea dirishani kwangu akauliza kwa Kiarabu, kwa adabu, kama tungependa kuvutwa. Nilisema ndiyo mara tatu kabla hajamaliza.

Nyuma yangu Bibi alikuwa ameingiza mikono yote miwili, mpaka viwikoni.

"Waambie wangoje," alisema. "Sijamaliza."